Dirisha la Pili Kutoka Ndani

Jina la Fundi Hodi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mkewe, likamnasa, mpaka wateja wakawa hawamjui kwa lingine. Kazi yake ilikuwa kukagua madirisha ya nyumba za kale: lipi bado linafaa kubaki, na lipi limekwisha, lifumuliwe liwekwe jipya. Na namna yake ya kukagua ilikuwa moja tu. Anaingia chumbani, anasogea mpaka pua inakaribia kugusa mbao, anagonga fremu kwa kifundo cha kidole, ko ko ko, halafu anatega sikio. Mbao nzima hujibu kwa sauti kavu, ya juu. Mbao iliyooza hujibu kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Mkewe alikuwa akisimama nje ya dirisha na daftari, na kila akisikia ko ko ko anaitikia, "Karibu!" Miaka ishirini na saba mzaha ulikuwa huo huo, na hakuna siku mwanamke yule aliona umechuja.

Alikuwa na tabia nyingine pia, ya kucheka peke yake huko nje. Fundi yuko ndani, kakunja uso, anataja namba na ubovu wake, mara anasikia mtu anajibana kicheko nyuma ya kioo. "Unacheka nini?" "Hakuna, baba, endelea. Nacheka kazi." Alimuuliza mara mia, akapata jibu hilo mara mia. Mwisho akaacha kuuliza, akahesabu kwamba wanawake wana mambo yao.

Mwanzoni mwa mwaka mkewe aliumwa wiki tatu, ya nne hakuimaliza. Watu walikuja kutoa pole, wakakaa, wakaondoka, na kila aliyeondoka alimsifu mgane kwa kujikaza kisabuni. Chozi halikumtoka, wala hakupaza sauti. Lakini hakuna kitu alichokuwa anakikaza. Anayejikaza ana kitu kinachomsukuma kutoka ndani, na huyu hakuwa na kinachomsukuma. Alikuwa amekufa ganzi tu, mwili mzima, kama mguu uliokaliwa vibaya. Maji ya bombani yalikuwa yanamwagika mikononi mwake na yeye amesimama anayatazama, hajui kama ameanza kunawa au amemaliza. Binti yao alimpigia simu kila jioni.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Hapo ilibidi ainuke akachungulie sufuria ndipo ajue. Binti alisikia mfuniko ukigongana na sufuria, akasema, "Haya baba. Ulale salama."

Mwezi wa tano tangu msiba, ofisi ya majengo ya kale ilimpa nyumba ya kukagua. Ilikuwa nyumba ya chini, ndefu, kuta nene, imeipa barabara mgongo wake, mlango uko pembeni. Madirisha ya pande nyingine yalishabadilishwa zamani, enzi ambazo hakuna aliyejali. Yalibaki ya upande wa barabarani tu, matano, yamepangwa mstari mmoja, kila moja na vioo sita vidogo vilivyoshikwa na vijiti vya mbao. Ofisi ilitaka karatasi yenye saini ya fundi: lipi libaki, lipi liondoke. Na ilikuwa imepiga marufuku kuandika chochote kwenye mbao zenyewe, hata kwa chaki, tangu fundi mmoja asiye na adabu alipochora misalaba ya rangi ya mafuta ambayo mpaka leo haijatoka. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea namba kwenye karatasi.

Mlango ulifunguliwa na bibi mwenye nyumba, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi, mshonaji mstaafu ambaye mdomo wake ulikuwa bado una makali ya sindano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayebisha hodi kwenye madirisha ya watu? Nilidhani nitaletewa kijana."

"Vijana wana simu, mama. Mimi nina kidole."

Jibu lilimtoka kwa mazoea tu. Lilikuwa jibu lake la siku zote kwa wateja wote, na mkewe alizoea kulisema pamoja naye chinichini, wakati mwingine akimtangulia. Bibi alicheka kidogo, akampitisha ndani.

Chumba cha kwanza kilikuwa na madirisha mawili na kitanda kimoja. Kitandani alilala mzee, mume wa bibi, aliyekuwa mwalimu wa hesabu miaka na miaka. Kiharusi kilimkuta miaka minne nyuma, kikamchukua mguu, mkono na maneno yote. Kitanda kilikuwa kimesogezwa hadi kwenye dirisha la pili, na uso wa mzee ulikuwa sawasawa na vile vioo viwili vya chini.

Fundi aligonga dirisha la kwanza, ko ko ko. Kikaja kimya. Alisubiri kidogo, bila kujua anasubiri nini, kisha akajua, akaandika kwenye daftari: moja, zima, bawaba ya juu imelegea. Akahamia la pili. Aligonga fremu pande zote nne, akachoma kizingiti chake kwa ncha ya bisibisi, akapitisha mgongo wa kiganja penye puti inayoshika vioo kutafuta unyevu. Dirisha lilikuwa zima kuliko yeye mwenyewe.

Alikuwa bado ameinama pale alipopita mtu barabarani na baiskeli. Vioo vile vilikuwa vya zamani hasa, vya kabla mashine hazijajifunza kunyoosha kioo, vina mawimbi na matone. Mtu wa baiskeli alipoingia kwenye kioo cha kwanza, miguu ilirefuka mpaka ikawa ya twiga. Alipovuka kijiti na kuingia cha pili, miguu ikapotea, tumbo likapanda kifuani na baiskeli ikawa yai. Kitandani ikasikika sauti. Mzee alikuwa anacheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo, bega linatetemeka, chozi linamtoka kwenye jicho la upande uliobaki hai.

"Umemwona?" bibi alisema. "Huyu bwana alipokuwa mzima hakucheka hata siku ya harusi yetu. Nilidhani hana meno ya nyuma. Sasa hacheki na mimi, hacheki na wajukuu, redio haitaki. Anacheka na hilo dirisha basi. Akipita mnene, ndiyo siku yangu ya kupumzika." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Fundi, mimi sina makuu. Wakitaka kuniwekea madirisha ya bati, waweke. Nakuomba hili moja. Hili lisiguswe."

"Halitaguswa, mama. Hili ni zima. Litatuzika sote."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Alimtazama mzee anayecheka na hakuhisi kitu. Aliona tu kwamba kile ni kicheko, kama mtu anavyoona kwamba leo ni Jumatano. Akaendelea na sebule yenye madirisha matatu. La tatu zima. La nne aliligonga mara moja tu, likajibu kutoka ndani ya blanketi, na bisibisi ikazama kwenye mbao mpaka mpini. Hilo lilikuwa limekwisha, limebaki rangi tupu. La tano zima. Kazi nzima haikufika saa moja.

Nyumbani alikaa mezani akajaza karatasi ya ofisi kwa mkono wake mwenyewe. Karatasi hizo siku zote alikuwa akizijaza mkewe, kwa sababu fundi mwandiko wake ulikuwa kama kuku kapita kwenye majivu. Safari hii alijikongoja mpaka mwisho. Namba moja, mbili, tatu na tano: zibaki. Namba nne: liondolewe. Maandishi madogo yaliyochapwa juu ya karatasi hakuyasoma. Karatasi ya miaka yote hiyo, ataisoma ya nini? Akatia saini, akapeleka.

Wiki tatu zikapita, naye hakuziona zikipita.

Jumanne moja asubuhi ofisi ikamwomba vipimo vya nyumba waliyoikagua zamani. Vipimo vyote vilikuwa kwenye madaftari ya mkewe, na madaftari yalikuwa kwenye kasha chini ya dirisha, hayajaguswa tangu msiba. Binti alikuwa amesema watayapanga pamoja, siku baba akiwa tayari. Baba hakujua kama yuko tayari au hayuko. Kazi ni kazi, akafungua.

Mwandiko ulikuwa ule ule, wa duara, umelala kidogo. Alipata nyumba aliyoitaka, akateremsha kidole kwenye ukurasa, kidole kikasimama. Kila dirisha lilikuwa na namba mbili. Pembeni kushoto mkewe alikuwa ameandika "Yeye," pembeni kulia "Nje." Yeye 1, nje 6. Yeye 2, nje 5. Yeye 3, nje 4. Akafungua ukurasa mwingine, nyumba nyingine. Yeye 2, nje 4. Akachukua daftari la kabla yake, na la kabla ya hilo, la miaka ishirini nyuma lenye jalada lililoliwa na mende. Yeye 1, nje 5. Yeye 5, nje 1. Hakuna nyumba iliyokosa. Mahali fulani alikuwa ameandika pembeni, "Leo kataja namba nne mara mbili, njaa hiyo." Na mahali pengine: "Nimecheka tena. Nisimwambie, atanuna."

Akachukua karatasi tupu ya ofisi, akavaa miwani, akasoma kwa mara ya kwanza yale maandishi madogo ya juu. Namba zihesabiwe kwa kuutazama ukuta kutoka nje, kushoto kwenda kulia.

Yeye maisha yake yote alihesabu kutoka ndani. Ukisimama chumbani ukatazama barabarani, dirisha la kushoto kabisa ndilo la kwanza. Ukitoka nje ukaigeukia nyumba, lile lile linakuwa kulia kabisa, ni la mwisho. Kitu cha wazi namna hiyo, mtoto wa darasa la pili angekiona. Lakini yeye kazi yake ilikuwa ndani, pua kwenye mbao, na nje kulikuwa na mtu. Kuna siku, mbele ya wageni, alijigamba kwamba miaka yote hiyo hakuna dirisha lililowahi kung'olewa kimakosa kwa karatasi yake. Mkewe alikuwa anamimina chai. Alisema, "Kweli kabisa," akaendelea kumimina.

Kisha akakumbuka nyumba ya bibi. La pili kutoka ndani, katika matano. Nje ni la nne.

Na leo ilikuwa Jumanne. Msimamizi wa mafundi alikuwa amempa taarifa: wataondoa dirisha Jumanne, siku ambayo mzee hupelekwa kliniki, wasimsumbue kwa vumbi. Fundi Hodi alipiga simu ya msimamizi, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, hola. Akabeba sanduku la vifaa, akatoka bila kufunga mlango, akapanda pikipiki ya kukodi, akamwambia dereva aende kama anayewahi mazishi ya mtu anayemdai. Njiani alikuwa anamgonga dereva begani kila kona, aongeze mwendo. Alikuwa anaogopa. Ilimchukua muda kutambua, maana ni miezi mitano alikuwa hajaogopa kitu, hajapenda kitu, hajachukia kitu.

Alifika, akaona tundu ukutani.

Dirisha lilikuwa limelazwa juu ya magunia kando ya barabara. Msimamizi, mtu mnene wa vicheko, alimpokea huku anajipangusa jasho.

"Fundi wangu! Hili dirisha lako lililooza limetutoa roho. Nikawaambia wenzangu, lililokufa mbona linashika ukuta hivi?"

"Mmeng'oa dirisha zima."

"Zima? Namba nne hii hapa, na saini yako hii." Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne.

Angeweza kubishana. Angeweza kusema karatasi ya ofisi haieleweki, au mafundi wangegonga kwanza wasikie. "Saini ni yangu," alisema. "Na kosa ni langu."

Akapiga magoti penye magunia, akagonga fremu, ko ko ko. Ilijibu kwa sauti kavu, ya juu, kama kawaida. Mbao ilikuwa haina neno. Lakini wakati wa kuisukuma kwa mitaimbo, vioo viwili vya chini vilikuwa vimepasuka, na vipande vyake vilikuwa vimekusanywa kwenye ndoo. Hivyo hivyo viwili. Vinne vya juu, ambavyo mzee hakuwahi kuvitazama kwa sababu shingo haikumruhusu, vilikuwa salama.

Walirudisha fremu kabla ya adhuhuri. Msimamizi alinung'unika kidogo, kisha akatupa shati pembeni akasaidia, maana hakuwa mtu mbaya. Walikuwa wanakaza skrubu za mwisho gari lilipomshusha mzee kwenye kiti chake cha magurudumu, bibi nyuma yake. Bibi alitazama kifusi. Akatazama ndoo. Akatazama pale chini penye matundu mawili yasiyo na kioo.

"Nilikuomba kitu kimoja," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kimoja, fundi. Sikukuomba viwili."

"Niliandika namba vibaya. Nahesabu kutoka ndani, wao wanahesabu kutoka nje. Mke wangu ndiye aliyekuwa anazigeuza. Miaka ishirini na saba, na hakuniambia. Nimejua leo asubuhi."

"Yuko wapi huyo mke wako?"

"Alifariki."

Hasira haikumtoka bibi usoni, ila ilisogea kidogo ikaacha nafasi. "Pole," alisema. "Lakini huyu wangu bado yupo. Atatazama nini?"

Kioo cha namna ile hakiuzwi tena popote. Fundi alisimama ameshika mpira wa puti mkononi, akiuminya, na macho yakamwenda kwenye ukuta, kutoka dirisha hadi dirisha, mpaka yakafika kwenye lile alilolihukumu kweli. La nne la ndani. Lilikuwa bado limesimama mahali pake, bovu, halijaguswa na mtu, kwa sababu ya kosa lake. Mbao zake zilikuwa zimekwisha. Vioo vyake havikuwa vimekwisha. Vilikuwa vya umri ule ule, vya kipimo kile kile, vina mawimbi yale yale.

"Mama," alisema, "nipe saa moja."

Bibi alivuta kiti akakaa nyuma yake kumlinda, kwa sababu imani ilikuwa imeshamtoka. Fundi hakumlaumu. Mbao iliyooza ina hisani moja, haishikilii kitu. Alipitisha patasi kwenye puti ya zamani na vijiti vikaachia wenyewe vikiwa unga, vioo viwili vikateremka mikononi mwake bila ufa. Alivibeba kimoja kimoja, amevikumbatia, kutoka sebuleni mpaka chumbani. Akavipachika, akavizungushia puti mpya, akaipiga msasa wa kidole gumba. Nje, msimamizi na wenzake wakafumua lile bovu na kuingiza jipya mahali pake.

Mzee alirudishwa kitandani, uso kwenye vioo. Alitazama. Barabara ilikuwa tupu, jua la saa saba, hapiti hata paka. Mzee akaanza kufumba macho.

"Hebu pita wewe," bibi alisema.

"Mimi?"

"Kwani wewe huna miguu? Toka nje upite."

Fundi Hodi akatoka. Akazunguka nyumba, akapita mbele ya dirisha na sanduku lake mkononi, kama mtu aliyetumwa dukani. Kimya. Bibi akapaza sauti kutoka ndani, "Sogea karibu na ukuta! Rudi tena!" Akarudi. Msimamizi alikuwa ameshika kiuno anamtazama kama mtu anayetazama wazimu unavyoanza. Alipita mara ya tatu, polepole, akavuka kijiti cha katikati, na hapo akakisikia. Kilikuwa kicheko cha nusu ya mdomo, kimepita kwenye kioo, chembamba, lakini ni chenyewe.

Akasimama, akageuka kutazama ndani. Katika maisha yake yote ya kazi alikuwa hajawahi kusimama upande huu na mtu akiwa ndani. Bibi alikuwa amesogea dirishani kumwambia jambo. Kichwa chake kilikuwa kimetanuka kama boga, sikio moja limekuwa ungo, jicho limeteremka mpaka kidevuni, na pua imekwenda peke yake pembeni. Na katikati ya yote hayo alikuwa amekunja uso, makini kabisa, ananyoosha kidole kirefu mpaka kiunoni na kutoa amri.

Basi hicho ndicho alichokuwa anakicheka mkewe. Miaka ishirini na saba alisimama hapa, daftari kifuani, akimtazama mumewe mwenye kichwa cha boga na sikio la ungo akigonga mbao na kutaja namba za kinyume kwa heshima zote, na alizigeuza, na alijibana asimcheke kwa sauti, asije akanuna.

Kicheko kilimtoka Fundi Hodi kikali, cha ghafla, mpaka sanduku likaanguka. Kisha kikageuka njiani. Alishika ukuta kwa mikono miwili na kulia, kwa sauti, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka, mchana kweupe mbele ya mafundi wenzake, na hakuweza kujizuia wala hakutaka.

Ndani mzee alikuwa hajawahi kuona kitu kama kile kwenye kioo. Alicheka mpaka kitanda kikalia. Bibi alimtazama mumewe, akamtazama mtu wa nje, akaweka kiganja kwenye kioo.

"Hapo hapo, baba," alisema. "Usiondoke."

Hakuondoka.